Riwaya yangu ya askari wa farasi wa Vita vya Msalaba nloandika skuli: niifufue au niiache kashani?

mwl_wa_gando

Asalaam alaykum jamani, khabari za huko muliko. Nna jambo lanikereketa mwezi mzima sasa, hapa nyumbani mke wangu keshachoka kunsikiliza, kwaiyo nawaletea nyinyi munaopenda vitabu.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoa vitu nyumba ya marehemu baba hapa Gando, kuvuta kitanda nkakuta kasha langu la bati la skuli. Ndani mna madaftari sita, yamejaa mbele na nyuma mpaka kwenye jalada. Nlipofungua la mwanzo tu moyo ukanidunda, ni ile riwaya nloandika mwaka 1999 nna miaka 19, usiku usiku kwa taa ya chemni, baba akidhani nadurusu mtihani.

Hadithi yenyewe ni ya kijana wa Kifaranji, yaani wale Wazungu wa Vita vya Msalaba, anaitwa Robert, wa huko Normandy, mtoto wa tatu kwa baba yake, ardhi yote kachukua kaka mkubwa yeye kaambulia farasi na upanga. Anafunga safari mpaka Sham, anakuwa askari wa farasi wa mfalme wa Baitul Muqaddas (Yerusalemu), anaingia vita vya Hattin na jeshi la Sultani Salahuddin Julai 1187, anatekwa, anakaa mateka Dameski kwa mzee mmoja mwenye bustani, miaka minne, halafu anakombolewa anarudi kwao na akifika lugha ya mama yake inamtoka kwa shida. Ndo mwisho.

Na nataka mujue kwa nini niliandika haya mie mtoto wa Pemba ambae farasi nlikuwa sijamuona ila kwenye picha. Baba kila usiku wa Miraji akitusimulia vipi Salahuddin aliirejesha Baitul Muqaddas siku hiyo hiyo ya mwezi 27 Rajab, mwaka 583 wa Hijra, na kila mwaka akifika pale Wafaranji wanapotoka mjini kila mtu na fidia yake mkononi, dinari kumi mwanamme, dinari tano mwanamke, mie nauliza, baba, na wale wakenda wapi? Anajibu wakenda zao. Mwaka wa pili nauliza tena, wakenda zao. Basi mie nkaandika jibu, madaftari sita.

Sasa nimeisoma yote usiku mmoja mpaka adhana ya alfajiri na sijui nifanyeje. Sura ya pili watu wanakunywa kahawa. Kuna mahali Robert anakula mahindi ya kuchoma, kwengine anatizama jeshi kwa darubini, na nguo zao za vita nimezieleza zile za bati zima kutoka kichwani mpaka kidole cha mguu kama nlivoona kwenye sinema. Wanawake hamna, yuko mmoja tu analia mlangoni. Daftari la nne, ambalo ndo la vita vyenyewe, limeliwa na mchwa karibu lote. Lakini daftari la tano, kule bustanini Dameski, anapojifunza Kiarabu kwa majina ya matunda anayochuma, wallahi nlisoma nkasita, siamini kama ni mie nloandika.

Zamani nliwahi kunakili sehemu nkapeleka kwa mchapishaji mmoja, akakaa nayo miaka mitatu akanirudishia bila neno hata moja. Nkafunga kasha nkasahau. Miaka ishirini na kitu imepita, nasomesha historia, nayajua mambo ambayo yule kijana hakuyajua. Nirekebishe hiyo hiyo sentensi kwa sentensi au nianze upya? Na wale watu niwaite nani kwa Kiswahili maana nlipokuwa mdogo niliandika "naiti", ile knight ya Kiingereza, na leo neno lenyewe lanikwama.

Binti_Kikwajuni

Waalaykum salaam mwalimu. Mie kazi yangu kuhariri, zaidi hadithi za redio, na nimeshashika miswada mingi ya watu ya ujanani, kwaiyo ntakwambia nnavoona.

Usianze na kahawa. Najua ndo itakayokuita mwanzo kwa sababu ni kosa linaloonekana na kulitoa kunakupa raha, unafuta unahisi umefanya kazi. Yale yote uloyataja ni kazi ya Jumamosi moja. Kahawa watu wameanza kuinywa Yemen karne ya 15, mahindi yametoka bara la Amerika baada ya 1492, darubini imetokea Uholanzi 1608, na hizo nguo za bati zima ni za karne ya 14 na 15 huko. Mtu wa 1187 alivaa kanzu ya pete za chuma zilizoshikana, chini yake koti nene la kushonwa kwa matabaka ya kitambaa. Ukitaka cha kumpa mkononi badala ya mahindi mpe muwa, Wafaranji walikuwa wanalima miwa Akka na Sur, miji ya pwani ya Sham, na sukari ikenda Ulaya kutoka huko. Haya yameisha.

Kazi nzito ni nyengine. Yule kijana wa miaka 19 alikuwa na swali na wewe wa leo una maarifa, na ukikaa na kalamu nyekundu juu ya daftari lake utamjaza maarifa mpaka swali lizame. Nimeona mara nyingi mno. Mtu anachukua hadithi yenye pumzi anaitia tarehe, anaitia majina ya wafalme wote, anamaliza ana kitabu cha skuli chenye mazungumzo.

Nnavowaambia watu wangu ni hivi. Umeshaisoma mara moja, basi. Funga madaftari, tia kashani, tia kufuli, ufunguo mpe mkeo. Kaa wiki tatu usiguse. Halafu andika hadithi yote toka mwanzo kwa kichwa, kama vile mtu alikusimulia ukamsimulia mwengine. Kitakachorudi chenyewe ndo kitabu. Kisichorudi ulikiandika kwa sababu ulidhani vitabu ndo vinakuwa hivo. Ukimaliza ndo ufungue kasha ulinganishe, na hapo utakuta sentensi zake mbili tatu ni bora kuliko zako, zirejeshe kama zilivo usizipige pasi.

Na hilo daftari la nne lililoliwa wala usilisikitikie. Vita vya mtoto wa miaka 19 vinajulikana vinakuwaje.

pweza_wa_tumbatu

Mwl mie nakuuliza kitu na usinichukie. Kwa nini Normandy?? Wewe uko Pemba, Ras Mkumbuu iko hapo hapo kwenu na magofu yake. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya kufi, khati ya zamani ya Kiarabu, yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, hesabu mwenyewe, Wafaranji wameichukua Baitul Muqaddas 1099, miaka minane tu kabla. Wakati naiti wako wanajenga ngome zao huko, huku kwetu kuna fundi amekaa anachonga aya kwenye jiwe la matumbawe kwa herufi za maua namna ile. Nani kaandika riwaya yake? Yaqut, yule mwanajiografia wa karne ya 13, kaitaja Tumbatu kwa jina ilhali sisi wenyewe hadithi za zama hizo hatuna.

Na njia ya kuunganisha ipo usiseme haipo. Yule Reynald wa Châtillon wakati wa msimu wa 1182 kuingia 1183 aliunda vyombo huko kwenye ngome yake ya Kerak, vikafumuliwa vipande vipande vikapakiwa juu ya ngamia mpaka ghuba ya Aqaba, vikaungwa tena vikashushwa Bahari ya Shamu, wakachoma majahazi bandari ya Aydhab na kutishia njia ya mahujaji. Sasa weka hapo baharia wa Unguja alokwenda Hija. Ndo huyo awe msimulizi wako. Robert mtupe.

kijana_wa_jang'ombe

mie naona uchapishe kama ilivo na mchwa wake. weka tu maelezo mwanzo kuwa imeandikwa 1999 na mtoto wa skuli. hayo mahindi watu watasamehe

mchunga_farasi

Asalaam alaykum. Mie si msomaji wa vitabu vikubwa ila nimefanya kazi na farasi wa kupandisha watalii ufukweni huku kaskazini miaka minane na nimeona neno Hattin nkasoma kidogo, nkaona niseme maana hakuna mtu hapa alomsema farasi mwenyewe na hao jamaa bila ya farasi ni watu wazito waliosimama juani tu.

Farasi anakunywa kwa siku lita 25 mpaka 40 hivi, kukiwa na jua kali na kazi anapita hapo. Nimesoma kuwa jeshi lao lilitoka Saffuriya asubuhi ya Julai 3 kwenye maji mazuri, likatembea kutwa nzima kuelekea mji wa Tiberias kando ya ziwa likalala njiani bila ya maji. Basi piga hesabu, wanasema naiti walikuwa kama 1,200 na hapo hujahesabu farasi wa akiba na punda na wapanda farasi wepesi. Hayo maji hayabebeki na binaadamu. Wenzao Waislamu walikuwa wanaletewa maji kwa viriba juu ya ngamia kutoka ziwani. Mie nkisoma pale naona vita vimeisha usiku ule kabla upanga haujatoka alani.

Farasi mwenye kiu hali. Utamtilia majani atayanusa tu. Fizi zinakauka zinanata. Ukimminya ngozi ya shingo au begani ukaiachia, farasi mzima inarudi hapo hapo, mwenye kiu inabaki imesimama. Na anajua maji yaliko kabla yako, mtizame masikio, masikio ya farasi yanakwambia kila kitu kwa sababu sauti hana ya kukwambia. Halafu ile khabari ya kuwa Waislamu waliwasha majani makavu upepo ukawapelekea moshi, farasi kelele anazoea, ngoma anazoea, mie nshawapitisha kwenye harusi, moshi na moto hazoei, anageuka na hatizami nani yuko juu yake.

Jengine, kwenye sinema wanakimbia tu kutwa. Farasi anakimbia mbio zile dakika chache basi, tena kabeba mtu na chuma, pete zile peke yake kilo kumi na zaidi. Na ile sehemu nasikia ni mlima wa volkano uliokufa, mawe meusi, sasa mguu wa farasi kwenye mawe yale mwalimu ni kama mtu kukimbia kwenye miamba ya pwani maji yametoka, unakwenda hatua kwa hatua unaomba Mungu.

Ukitaka kuja kumshika farasi karibu uje, njoo asubuhi mapema kabla wageni hawajaamka.

mwl_wa_gando

Jamani mumenipa usiku mwengine wa kutolala. Mchunga farasi, InshaAllah ntakuja nkivuka Unguja, hilo la ngozi ya bega sijalisoma kwenye kitabu chochote.

Pweza, nimekaa na maneno yako siku mbili, sijachukia hata kidogo. Fundi wa Kizimkazi amenikaa kichwani na naona kweli ni aibu yetu sote. Lakini yule ni wa kitabu chengine, na baharia wako nae pia, tena kitabu hicho naomba ukiandike wewe maana umekieleza kwa moto. Nkimtia baharia kwenye hii, Robert atakuwa mtu wa kutizamwa na Muislamu mwema, na mie toka utotoni nlichotaka ni kujua alivokuwa anaona yeye kutoka ndani ya ile chepeo. Ndo swali lenyewe lile nlomuuliza baba. Baba hakukasirika kuwa namuulizia adui alikokwenda, na hilo nalikumbuka kuliko hadithi yenyewe.

Dada wa Kikwajuni, ufunguo nimempa mke wangu, kaufunga kwenye ncha ya khanga. Kabla sijafunga nimehesabu kitu kimoja. Vita nlivipa daftari zima, zaidi ya kurasa hamsini. Ile khema ya Salahuddin baada ya vita, pale walipoletwa mfalme Guy na Reynald, nakumbuka nliipa nusu ukurasa.

Babu_wa_Chake

Mwanangu mwalimu, hiyo nusu ukurasa ndo iliyonitoa kwenye kusoma kimya kimya.

Mie nina umri wa kuwa baba yako, nimesoma khabari za zama zile kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na nakwambia kitabu chako kiko ndani ya khema ile. Hebu tizama wale watu wamepitisha siku nzima na usiku bila tone, midomo imepasuka. Anaingizwa Guy, anatetemeka, Salahuddin anampa maji yaliyopozwa kwa theluji. Theluji, Julai, kwa watu waliotoka kwenye moto ule! Guy anakunywa halafu anampa kikombe Reynald alokaa ubavuni mwake. Salahuddin pale pale anamwambia mkalimani amweleze mfalme kuwa wewe ndiye ulompa huyu, mie sikumpa. Maana desturi yao ilikuwa mateka akila au akinywa mkononi mwa aliyemteka, keshapata amani, damu yake imefungwa. Reynald alinywa lakini hakupewa. Na baada ya hapo Salahuddin alimuua kwa mkono wake, kwa sababu ya misafara aloipora wakati wa amani na ile safari yake ya baharini alokuelezea Pweza. Guy akaachwa hai, akaachiliwa mwaka wa pili.

Sasa msomaji wa Ulaya hilo lazima aelezwe, aandikiwe maelezo chini ya ukurasa. Wa kwetu huna haja ya kumueleza kitu. Mtu wa Pemba anajua maji ya mtu ni nini. Anajua kwa nini ukifika nyumba ya watu mnaodaiana nao unakataa hata kikombe kimoja mpaka maneno yaishe. Ukiandika tu mkono ulivotoka kwa Salahuddin ukafika kwa Guy, na kikombe kilivotoka kwa Guy kikafika kwa Reynald, msomaji wako wa Wete atashika kifua kabla mkalimani hajafungua mdomo. Hiyo ndo rizki yako wewe unaeandika kwa lugha hii, usiitupe kwa kuandika mapanga.

Na Robert awe wapi? Usimtie ndani ya khema, hana cheo cha kuingia. Awe nje kwenye foleni ya mateka, aone kikombe kinaingia na theluji yake, aone mtu anatolewa amekufa, asijue kilichopita katikati. Aje kuelezwa Dameski na yule mzee wa bustani siku mzee anapompa maji kwa mara ya kwanza. Wanahistoria wa wakati ule wanasimulia kuwa mateka walikuwa wengi hata mmoja akabadilishwa kwa jozi ya viatu, basi mtu alonunuliwa kwa bei hiyo anapopewa maji kwa mkono, mwandishi hana haja ya kupaaza sauti.

Maneno sasa. Umeuliza uwaite nani. Waite mafarisi. Ni neno letu, mpaka leo mtu hodari wa jambo lake anaitwa farisi, na asili yake ni mpanda farasi. Wale wa jumla waite Wafaranji kama walivoitwa na watu wa Sham. Watempla na Wahospitali, yale makundi mawili ya mafarisi watawa, Waarabu wakiwaita Dawiya na Isbitariya, na Robert akishakuwa mateka atasikia majina hayo hayo, kwaiyo nusu ya mwanzo tumia la kwao, nusu ya pili la kule, msomaji atahisi kuwa mtu amehama lugha. Na usiseme Kiswahili hakina maneno ya vita vya farasi. Utendi wa vita vya Tabuki umeandikwa Pate tokea 1728, beti zaidi ya elfu, majeshi ya Rumi na farasi na mapanga yamo tele. Seruji tunayo, hatamu tunayo, lijamu, vikuku vya kutia miguu, ala, ngao, chepeo, dirii ya pete. Maneno yamelala tu kama madaftari yako.

Binti_Kikwajuni

Babu hapo kwenye majina mawili sijawahi kufikiria na nimehariri miaka kumi na tano. Mwalimu chukua hilo.

Ila mie bado sijasikia neno kuhusu yule mwanamke analia mlangoni. Tiberias yenyewe iliyowatoa wale watu kwenye maji ya Saffuriya, ndani ya ngome yake alikuwemo mwanamke, Eschiva, mke wa Raymond wa Tripoli, kazingirwa, na yeye ndiye aloishikilia ngome ile na akaitoa kwa amani baada ya jeshi kupotea. Mumewe ndiye alosema tusende, tutakufa kwa kiu, na wenzake wakamuona muoga. Yaani huna haja ya kubuni mwanamke, yupo, na vita vyote vinakwenda kwake. Mtoe yule wa mlangoni.

salma_wa_mkoani

Mie sina la ushauri, nataka tu kusema mwanangu wa kiume wa kidato cha pili nimemsomea hapa hadithi ya kikombe wakati tunasubiri boti bandarini na ameniuliza kitabu kinauzwa wapi. Nimemwambia hakijaandikwa. Kanijibu basi mwambie aandike.

mwl_wa_gando

Asalaam alaykum tena. Wiki tatu zimepita na siku mbili. Sijafungua kasha.

Nimeandika kwa kichwa kama nlivoambiwa, kila siku baada ya alfajiri kabla ya kwenda skuli, na kitu cha ajabu Normandy haikurudi. Sura tatu nzima za utoto wake na kaka yake na sherehe ya kupewa upanga, hazikuja, imekuja safari tu na kiu. Eschiva amekuja bila kumuita, Robert hamuoni hata siku moja lakini kila mtu njiani anamtaja. Khema nimeiweka kama alivosema babu, nje kwenye foleni. Sijaridhika nayo bado, nimeiandika mara nne.

Nawatilia kipande cha usiku wa Julai 3, nambieni kweli.

*Farasi wangu alijua kabla yangu kwamba maji hatutayapata. Tangu adhuhuri masikio yake yalikuwa yameelekea kushoto, kule walikosema kuna chemchemi, na kila nilipovuta hatamu alirudi njiani, lakini masikio yalibaki kule. Jioni masikio yalilala. Nilishuka, nikamminya ngozi ya bega, nikaiachia, ikasimama kama ukingo wa kitambaa. Wenzangu walikuwa bado wanazungumza vita. Chini bondeni tulisikia watu wao wanaimba, na baina ya wimbo na wimbo tukasikia maji yanamiminwa, na hapo hata waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Mimi niliwaza kisima cha nyumbani, kile ambacho mama alinichapa kwa kuchezea kamba yake, nikauona ule weusi wa kamba ulipopita mikono mingi. Nilimchukia kaka yangu usiku ule kwa mara ya kwanza. Ardhi alikwishaichukua nikamsamehe. Kisima nilikuwa sijakikumbuka.*

mchunga_farasi

Masikio yalilala. Ndo hivo hivo mwalimu. Mie nimemuona farasi namna hiyo mara moja na sitaki kumuona tena.

pweza_wa_tumbatu

Haya. Robert abaki.

Mie nimekwenda Kizimkazi Jumapili na daftari.

Babu_wa_Chake

Mwanangu, nimekisoma mara mbili kwa sauti, mara ya pili nimemsomea mke wangu. "Ukingo wa kitambaa" tafuta chengine, farisi juani hafikirii kitambaa, afikirie kitu cha ngozi au cha mkate. Kuimba na kumimina maji waache walivo.

Ila hiyo kamba ya kisima isiishie hapo. Umemuonesha msomaji weusi wa mikono ya watu, basi sasa anaingoja. Huko Dameski bustanini lazima pawe na kisima, na siku mzee anayompa maji, Robert aione kamba kabla ya kuyaona maji.

mwl_wa_gando

Babu, nimemuomba mke wangu ufunguo. Najua wiki za dada wa Kikwajuni nimezimaliza kwaiyo sikuvunja ahadi.

Daftari la tano, ukurasa wa mwanzo kabisa, mstari wa tatu. Kisima kipo. Mzee anamfundisha neno la kwanza la Kiarabu na neno lenyewe si tunda kama nlivokuwa nakumbuka miaka yote hii, ni "habli", kamba. Nlikuwa nimesahau kabisa kama niliandika hivo.

Naanza kunakili kutoka hapo usiku huu.